Jipu Lisilokwisha: Historia ya Maradhi Mamoja ya Ujana katika Kisiwa cha Pemba

Historia ya maradhi, katika visiwa vya Zanzibar kama katika nchi nyingine, imeandikwa zaidi kwa kufuata mauti kuliko kwa kufuata maumivu. Kipindupindu kilichoingia Unguja mwishoni mwa mwaka 1869 kilipata mwandishi wake, naye ni Daktari James Christie, ambaye kitabu chake kilichopigwa chapa London mwaka 1876 kinafuata njia ya maradhi yale kituo kwa kituo, kutoka Bara Arabu hata nchi ya Wamasai, na kutoka huko hata mwambao na visiwani. Ndui ina kumbukumbu zake, na malaria ina maktaba nzima. Lakini yako maradhi yasiyoua, au yauayo kwa nadra sana, ambayo humshika mtu katika ujana wake yakafuatana naye miaka ishirini au thelathini. Hayo hayana tarehe ya kuingia bandarini, wala hayakupata kuchimbiwa kaburi la halaiki. Hayaachi katika historia ila alama mbili: maneno ambayo watu waliyatunga ili kuyataja, na makosa ya matabibu waliojaribu kuyaeleza.

Maradhi yanayohusika hapa ni yale ya majipu yanayotoka makwapani na kinenani, yakapasuka, yakapona nusu, kisha yakarudi pale pale. Matabibu wa leo huyaita hidradenitisi sapurativa, jina lililoungwa kwa Kiyunani na Kilatini, ambalo maana yake ni uvimbe wa tezi za jasho wenye kutunga usaha. Jina lenyewe lina kosa ndani yake, kama itakavyoonekana. Maradhi huanza mara nyingi baada ya kubalehe. Kwa watoto walio chini ya miaka 11 ni nadra, na wale wachache wanaopatwa mapema hivyo mara nyingi wana jamaa mwenye maradhi hayo hayo, au wamebalehe kabla ya wakati wao. Kwanza hutokea kinundu kimoja chini ya ngozi, kigumu, chenye kuuma kuliko ukubwa wake. Kikipasuka hutoa usaha, na mwenyewe hudhani kuwa kimekwisha. Baada ya majuma au miezi hutoka kingine ubavuni mwake. Mwisho vinundu huungana kwa mifereji iliyopita chini ya ngozi, ngozi ya juu ikafanya makovu mfano wa kamba, na mkono ukawa hauinuki sawasawa. Maradhi haya hayaambukizi. Hayaletwi na uchafu. Maneno hayo mawili ni mafupi, lakini dunia ilichukua zaidi ya miaka mia moja kuyafikia, na ziko nyumba nyingi, Pemba na kwingineko, ambamo hayajaingia bado.

Kiswahili hakikuwa maskini wa maneno katika mlango huu. Jipu ni jina la kila uvimbe unaotunga usaha, na huambiwa limeiva, limetumba, au limetumbuka. Mtoki ni uvimbe wa kinenani au wa kwapani, na wasemaji wa lugha wanajua kwamba huo mara nyingi hufuata kidonda kilicho mbali nao: mtoto akijichoma mwiba mguuni, baada ya siku mbili huonyesha mtoki. Jambo hilo ni la kustaajabisha kidogo, kwa kuwa neno moja la kawaida limebeba ndani yake elimu ya kweli juu ya njia ya maradhi mwilini, elimu ambayo mwanafunzi wa utabibu huipata kwa kusoma mishipa ya limfu. Tambazi ni uvimbe wa ndani unaoenea, na jina lake lenyewe linakumbusha kitu kitambaacho. Donda ndugu ni kidonda kinachokula nyama wala kisipone. Kisha liko neno la kigeni, nasuri, lililotoka katika Kiarabu, ambalo ni jina la kidonda chenye mfereji, kilichofunga juu na kuendelea kutoa maji chini.

Maneno haya matano yakiwekwa pamoja yanaonyesha maradhi yote kwa sehemu zake. Kinundu cha mwanzo ni jipu, au kwa sababu ya mahali pake huitwa mtoki. Kuenea kwake chini ya ngozi ni tambazi. Mwisho wake ni nasuri. Lakini hakuna moja lililokamata mwanzo na mwisho pamoja. Lugha ilitaja matukio, haikutaja maisha. Kijana aliyetokwa na jipu la kwapa akiwa na miaka 13, na jingine akiwa na miaka 14, na matatu akiwa na miaka 16, amepata majipu matano kwa hesabu ya lugha, na maradhi mamoja kwa hesabu ya mwili wake. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo historia yote inayosimuliwa hapa, na isidhaniwe kuwa ni upungufu wa Kiswahili peke yake. Kifaransa na Kiingereza vilikuwa katika hali iyo hiyo, na daftari la hospitali mpaka leo, popote lilipo, huandika ziara ya mgonjwa na si umri wa maradhi yake.

Neno nasuri lastahili kusimamiwa kidogo. Halikuja Pemba peke yake. Lilikuja na elimu. Matabibu wa Kiarabu waliandika juu ya nasuri tangu zamani, na Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Andalusia, aliyekufa mwanzoni mwa karne ya 11, aliiweka katika kitabu chake cha upasuaji miongoni mwa vidonda vinavyotibiwa kwa chuma cha moto. Desturi ya kuchoma kwa chuma ilishika sana Omani, na watu wa Omani ndio waliotawala Pemba tangu zama za kufukuzwa kwa Wareno. Pwani yote ilijua kuchoma, kupiga chuku, na kubandika dawa za majani, shubiri au manjano iliyokorogwa kwa mafuta, mpaka jipu liive. Tiba hizi zisidharauliwe upesi. Kwa jipu la kawaida, kuliacha liive na kulitumbua ni tiba iliyo sawa hata leo. Udhaifu wake ulikuwa kwa jipu lisilo la kawaida, ambalo kutumbuliwa humpumzisha mgonjwa siku chache tu bila ya kugusa asili yake. Katika udhaifu huo mganga wa kijiji na daktari wa upasuaji wa mjini walikuwa ndugu, kwa kuwa kisu cha pili kilifanya kama chuma cha kwanza.

Wako watu, hata hivyo, waliolitambua jipu linalodumu kabla ya matabibu, nao ni wanachuoni wa sheria. Waislamu wa Pemba, walio wengi mno kisiwani, wanafuata madhehebu ya Shafi, na katika vitabu vya madhehebu hayo limo suala linalomhusu mgonjwa huyu moja kwa moja: mtu ambaye mwili wake unatoa damu au usaha wakati wote ataswali vipi? Usaha ni najisi, na nguo yenye najisi haiswaliwi. Imam Nawawi, aliyekufa mwaka 1277, ameleta katika Minhaj yake hitilafu ya wanachuoni juu ya majipu na vidonda. Wako waliosema kwamba kidonda ambacho desturi yake ni kudumu kichukue hukumu ya mwanamke anayetokwa na damu isiyokatika, yaani kiwe na taratibu zake za kujisafisha na kufunga kwa kila swala. Nawawi mwenyewe aliona iliyo sahihi zaidi ni kukitia katika hukumu ya vipele, ambavyo damu yake imesamehewa. Kitabu hicho kilisomeshwa katika pwani ya Afrika ya Mashariki kwa karne nyingi.

Mwenye kuitazama hitilafu hiyo kwa jicho la historia ataona jambo ambalo mwanasheria hakulikusudia. Ili wahitilafiane, ilibidi kwanza wakubali kwamba liko jipu la kupita na liko jipu la kudumu, na kwamba la kudumu linamfanya mwenyewe kuwa mtu wa hali maalumu. Huo ndio upambanuzi ambao hospitali zilichelewa kuufanya. Na hukumu ya Nawawi, kwa upande wake, ni rehema kwa kijana. Inamwambia kwamba usaha wake haumtoi msikitini. Kama kila kijana mwenye maradhi haya aliwahi kuambiwa hivyo ni jambo jingine, kwa sababu ili mtu apewe hukumu ni lazima aulize, na ili aulize ni lazima aseme mahali jipu lilipo.

Hapo ndipo penye fundo. Kwapa na kinena ni mahali pa sitara. Katika malezi ya Waswahili, msichana anapovunja ungo hukabidhiwa somo, yaani kungwi wake, ambaye humfundisha mambo ya mwili wake: namna ya kujitwahirisha, kuondoa nywele za makwapa na za sehemu za siri, kujifukiza udi, kujisinga liwa, na kujilinda na kikwapa. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalitolewa na Carl Velten mwaka 1903, aliyaeleza mambo ya unyago kwa urefu, na ingawa yeye aliandika juu ya mrima, msingi wa mafunzo hayo unafanana pwani yote. Ni mafunzo yenye hekima na heshima. Lakini maradhi haya huja wakati ule ule, mahali pale pale. Mafunzo ya somo yanasema: safisha makwapa yako, kwa kuwa harufu yake ni aibu yako. Mwili unajibu kwa majipu yenye harufu. Msichana aliyefundishwa kwamba usafi ni kazi yake hana njia ya kufahamu kilichomfika ila moja, kwamba kazi hiyo imemshinda. Basi husugua zaidi, hunyoa zaidi, hunyamaza zaidi. Kusugua na kunyoa kwa wembe huichokoza ngozi iliyokwisha kuwa gonjwa. Mvulana naye hakusalimika, ila kwake aibu ni nyepesi kidogo, maana jipu la mwanamume huweza kutaniwa barazani, na jambo linalotaniwa limekwisha kutajwa.

Wengine husema ni kijicho, au ni husuda ya mtu. Fikira hiyo ina ubaya wake, lakini kwa uadilifu yapasa kusemwa kwamba ina wema mmoja ambao tuhuma ya uchafu haina: humwondolea mgonjwa lawama na kuiweka kwa mwingine.

Wakati huo Ulaya nayo ilikuwa ikitafuta. Mwaka 1839 daktari wa upasuaji wa Paris, Alfred Velpeau, aliandika makala katika kamusi ya utabibu, nayo ilikuwa chini ya neno kwapa. Humo alieleza uvimbe wa namna ya pekee unaotunga usaha juu juu ya ngozi ya makwapa na sehemu nyingine za siri. Hivyo maradhi haya yaliingia katika taaluma ya Ulaya kupitia mlango wa kamusi, yakihesabiwa kwa mahali pake kama yalivyohesabiwa katika Kiswahili. Miaka 15 baadaye, mwaka 1854, Mfaransa mwingine, Aristide Verneuil, alitoa rai kwamba asili yake ni tezi za jasho. Hoja yake ilikuwa hii: tezi kubwa za kwapa zilikuwa zimegunduliwa karibuni, katika miaka ya 1840, na mahali zilipo ndipo majipu yanapotoka, basi majipu ni ya tezi. Hakuikata ngozi ya mgonjwa na kuitazama kwa darubini ili kuthibitisha. Aliona vitu viwili vinakaa nyumba moja, akahukumu kuwa mmoja ni baba wa mwenziwe. Kwa miaka mingi Wafaransa waliyaita maradhi haya kwa jina la Verneuil, na mwaka 1922 Mjerumani Paul Schiefferdecker, aliyezigawa tezi za jasho mafungu mawili, aliyatia katika fungu la zile kubwa zinazoamka wakati wa kubalehe. Rai ikapata nguvu ya desturi.

Wakati Verneuil anaandika, Pemba ilikuwa chini ya Seyyid Said, aliyekufa mwaka 1856, na mikarafuu ilikuwa imeanza kufunika vilima vyake. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha kwa kiasi kikubwa ile ya Pemba, na tangu hapo Pemba ikawa shamba kubwa la karafuu duniani. Rai ya tezi za jasho ingependeza sana katika kisiwa cha namna hiyo, chenye joto na unyevu, ambako kila msimu watu hupanda miti tangu alfajiri na kushuka wakiwa wamelowa. Nani asingesema kwamba jasho ndilo linaloleta majipu? Ni kweli kwamba joto na msuguano wa nguo huyazidisha. Lakini kama jasho lingekuwa asili, Pemba nzima ingekuwa mgonjwa.

Mwaka 1955, huko Marekani, William Shelley na Milton Cahn walifanya jaribio ambalo leo lisingeruhusiwa kirahisi. Waliwanyonyoa nywele za kwapa wanaume 12, wakawabandika mkanda wenye dawa ya kuzuia jasho, na watatu kati yao wakatokwa na vinundu. Wao walihesabu kwamba wameshuhudia tezi ikiziba. Matabibu waliokuja baadaye walisoma matokeo yayo hayo kwa njia nyingine: kilichoziba ni tundu la unywele. Katika miaka ya 1970 na 1980 wachunguzi wa ngozi, wakitumia darubini kwa makini kuliko Verneuil, waliona kwamba maradhi huanza katika mzizi wa unywele. Tundu huziba, hufutuka, hupasuka chini ya ngozi, na kinga ya mwili huvamia yale yaliyomwagika kama kwamba ni adui. Tezi ya jasho huunguzwa kwa kuwa ni jirani. Jina la zamani limebaki, kama vile mtaa hubaki na jina la tajiri aliyehama.

Swali lililo gumu zaidi kwa mwanahistoria wa Pemba ni kwa nini maradhi haya hayakupambanuka mapema zaidi katika ngozi za watoto wa kisiwa. Jibu lake ni kwamba ngozi ya mtoto wa pwani haikuwa na nafasi. Buba ilikuwapo, maradhi ya utotoni hasa, yenye vidonda vinavyotoa maji na baadaye kuingia mifupani. Mdudu wake aligunduliwa na Aldo Castellani katika Ceylon mwaka 1905. Ulikuwapo upele, ambao mtoto akijikuna hugeuka majipu madogo madogo. Vilikuwapo vidonda vya mguu vilivyozaa mitoki. Katika msitu wa namna hiyo nani angeutambua mti mmoja? Mtoto mwenye jipu la kwapa alikuwa mmoja katika skuli nzima ya watoto wenye vidonda, na tabibu aliyewaona wote asubuhi moja aliwagawia dawa moja.

Kisha msitu ulikatwa. Sindano ndiyo iliyoanza. Katika Afrika ya Mashariki heshima kubwa ya sindano ilitokana na buba, kwa kuwa katika miaka ya 1920 dawa za bismathi na aseniki zilikausha vidonda mbele ya macho ya watu, na watu wakaitafuta sindano hata kwa maradhi yasiyoihitaji. Penisilini ikaja ikiwa na nguvu zaidi: kati ya mwaka 1952 na 1964 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliendesha kampeni katika nchi 46, wakatibu watu wapatao milioni 50, na buba ikapungua duniani kwa kadiri ya asilimia 95. Upele ulipunguzwa baadaye, tena bila ya kukusudiwa. Mwaka 2001 Zanzibar ilianza kuwapa watu wote, Unguja na Pemba, dawa za ivermectin na albendazole mara moja kila mwaka ili kuyaondoa matende. Ivermectin inaua pia kidudu cha upele, na katika miaka iliyofuata wagonjwa wa upele waliofika katika vituo vya afya vya Zanzibar vilivyochunguzwa walipungua kwa zaidi ya theluthi mbili.

Sindano ile ile iliyokuwa rehema kwa mwenye buba iligeuka mtego kwa mwenye majipu ya kudumu. Watu walikuwa wamejifunza kwamba kidonda cha mtoto hupona kwa dawa ya kuua vijidudu. Mwenye majipu akipewa penisilini hupata nafuu, kwa kuwa jipu lake lilikuwa karibu kupasuka na kupoa kwa lenyewe, na nafuu hiyo huhesabiwa kuwa ni kazi ya dawa. Mwezi wa tatu anarudi. Anapewa nyingine. Ushahidi kwamba dawa haimfai umeenea katika ziara kumi, katika vituo vitatu, mbele ya waganga wanne, na hakuna aliyeuona wote mahali pamoja ila mgonjwa mwenyewe. Jambo hili si la Pemba tu. Uchunguzi wa kimataifa uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mgonjwa wa maradhi haya hukaa kwa wastani zaidi ya miaka 7 tangu jipu la kwanza mpaka kuambiwa jina la maradhi yake, na wengi waliohesabiwa humo walikuwa wakiishi katika nchi zenye hospitali kubwa kubwa. Kwa aliyeanza na miaka 13, miaka hiyo 7 ni ujana wake wote: skuli ya sekondari, na kwa wasichana wengi posa na harusi.

Pemba haikukosa utabibu. Hospitali ya Chake Chake ilijengwa penye ngome ya kale, ambayo sehemu yake kubwa ilivunjwa ili kuipisha. Madaktari wa Kichina walifika Zanzibar mwaka 1964, mwaka wa mapinduzi, na tangu hapo makundi yao yamepokezana miaka nenda miaka rudi. Huko Mkoani hospitali ya Abdalla Mzee ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Huko Wawi, karibu na Chake Chake, imo tangu mwaka 2000 maabara ya afya ya jamii yenye jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa Kiitalia wa vimelea. Kwa elimu ya minyoo ya tumbo na kichocho, watoto wa skuli za Pemba ni miongoni mwa waliochunguzwa sana katika Afrika nzima, na vitabu vya dunia juu ya minyoo haviwezi kuandikwa bila ya wao. Lakini utafiti hufuata kile kinachohesabika. Yai la mnyoo huhesabiwa chini ya darubini, na mtoto hana haja ya kuvua shati. Aibu haihesabiki kwa darubini, na mtafiti anayetaka kuyaona makwapa na vinena vya vijana wa miaka 14 ni lazima awe na jambo ambalo hakuna chombo cha maabara kinachotoa, yaani idhini ya kweli, na mara nyingi awe mwanamke kwa wasichana.

Elimu ya ngozi ilipiga hatua katika nchi jirani za bara. Mjini Moshi, kando ya hospitali ya KCMC, kulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 chuo cha kanda cha maradhi ya ngozi, ambacho kimewafundisha maofisa wa tiba kutoka nchi nyingi za Afrika. Wazo lililokizaa ni jepesi na lenye nguvu: kwa kuwa daktari bingwa wa ngozi hatafika kila wilaya, afundishwe yule ambaye yupo tayari wilayani. Kwa kisiwa ambacho sensa ya mwaka 2022 ilikihesabia watu zaidi ya 540,000, wazo hilo lina thamani kuliko jengo.

Taaluma yenyewe imekwenda mbio katika miaka ya karibuni. Mwaka 2010 wachunguzi wa China, wakizitazama jamaa sita zenye maradhi haya kizazi baada ya kizazi, walizipata hitilafu katika jeni zinazosimamia kimeng'enya kimoja kinachohusika na ukuaji wa mizizi ya nywele. Kwa wagonjwa wengi jeni hizo hazina hitilafu, lakini karibu theluthi moja yao wana jamaa aliyeugua, na hilo peke yake lingetosha kuifuta tuhuma ya uchafu. Dawa ya adalimumab, inayotuliza kinga ya mwili, iliidhinishwa kwa vijana kuanzia miaka 12, Ulaya mwaka 2016 na Marekani mwaka 2018. Bei yake ni kubwa, na anayepewa ni lazima kwanza apimwe kifua kikuu, kwa kuwa dawa inaweza kukiamsha kilicholala. Lakini ziko hatua nyingi kabla ya kufika huko. Doksisaiklini ni ya bei ndogo, nayo hufaa kwa kijana aliyepita umri wa miaka 8, ikitumiwa kwa miezi na si kwa siku tano, kwa sababu kinachotakiwa kwayo ni kutuliza uvimbe zaidi ya kuua vijidudu. Nguo zisizobana, kupunguza uzito kwa aliye mnene, kuuacha wembe, na sabuni isiyochubua ni mambo ambayo hayahitaji duka la dawa. Kisu hubaki kwa mifereji iliyokwisha kufanyika, nacho kikitumika ni kwa kuifunua au kuikata yote, si kwa kutumbua juu juu.

Na kuyatambua hakuhitaji maabara. Matabibu wameafikiana juu ya mambo matatu: sura ya vinundu, mahali vinapotoka, na kurudi kwake angalau mara mbili katika miezi sita. La kwanza tabibu huliona kwa macho yake, na la pili huonyeshwa akiomba kwa adabu. La tatu haliwezi kuonekana siku ile, hata kwa darubini bora. Ni kuulizwa tu, na jawabu lake analo kijana mwenyewe, au mama aliyekuwa akimfulia nguo.